Ndevu za Kitsa na boulon nne

"Bandugu, musikie muzuri, juu sitasema mara mbili. Kuanzia mwezi hii, mikono ya huyu mama haitagusa tena sabuni ya kufula. Machine njo itafula! Miye nimepeleka lori ya tani makumi mbili mupaka Eringeti, mu matope, mu mvua. Nitashindwa na sufuria yenye kuzunguka? Siku mutaona mikono yake mu povu, mukuye munyoe hizi ndevu zangu, hapa hapa ku mulango ya kanisa!"

Maneno hayo yalisemwa na Zorobabel Kitsa, kwa kipaza sauti, mbele ya kanisa zima hapa Butembo, siku ya kusherehekea ndoa za wazee. Wenzake waliotangulia walimshukuru Mungu kwa sentensi mbili wakaketi. Yeye akaweka ndevu rehani. Kwaya ikapiga vigelegele. Mchungaji akasema amina kidogo kidogo, kama mtu anayetia saini karatasi bila kuisoma. Na jirani yetu Mama Ngalula, aliyekaa benchi la mbele, akageuka nyuma akatuambia: "Miye nitaleta wembe."

Tena ndevu zenyewe si mchezo. Nyeupe katikati, nyeusi pembeni kama manyoya ya mbega, na zinashuka mpaka kifungo cha pili cha shati. Alizifuga tangu lori lake la kwanza. Kutoka Beni kupita Mbau na Oicha mpaka Eringeti, kila kizuizi cha barabarani kilimjua kwa ndevu hizo. "Papa Ndevu, pita," walimwambia, na siku nyingine walisahau hata kuomba kitu, jambo ambalo kwenye barabara ile ni muujiza unaostahili ibada yake. Sasa amestaafu. Lori liliuzwa, yeye akabaki na ndevu, bustani ya poireaux, vile vitunguu vya majani, nyuma ya nyumba, na maoni juu ya kila kitu chenye injini.

Mke wake, Mama Rébecca, alisimama kando yake siku ile akiwa ameficha mikono chini ya kitenge. Alikuwa na sababu. Mama Rébecca ni accoucheuse kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu. Nusu ya vijana wa hapa walipokelewa duniani na mikono ile. Hata mimi nilipitia humo, na inasemekana nilitoka nikilalamika. Lakini tangu wajukuu walipofika kutoka Eringeti, mambo yaliharibika. Binti yao Abigaïl alibaki kule na kakao yake, akawaleta watoto wawili, Jordy na Keren, wasome huku mjini, kwa maana kule unalala hujui kama kesho shule itafunguliwa. Watoto wawili wa shule ni mashati meupe, na udongo wa Butembo ni mwekundu. Sihitaji kueleza zaidi.

Mama Rébecca alifua, akafua tena, mpaka sabuni ikaanza kumla ngozi. Viganja vikapasuka mistari mistari, vidole vikatoa damu. Siku moja alimpokea mtoto mchanga, akampangusa mgongo, na yule mtoto akalia kilio kingine, cha kukwaruzwa, si kile cha kuzaliwa. Mganga mkuu wa kituo akamshika mikono, akaigeuza.

"Mama, na hii mikono, hapana kugusa mutoto. Microbe inaweza kuingia kwako ao kwake. Kaa kwanza nyumba mupaka ngozi ifunge. Na sabuni ya kufula, wacha kabisa."

Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti mlangoni, mikono juu ya mapaja kama mizigo ya mtu mwingine aliyoachiwa ailinde. Kazini kwake wakaweka msichana aliyetoka shule juzi. Mama Rébecca alimsifu yule msichana kila siku, na ukimsikia mtu anamsifu mwenzake kila siku hivyo, ujue analia.

Kwa nini hawakutafuta mtu wa kufua? Walitafuta. Alikuja msichana wa Mbau, mtaratibu, mwenye nguvu. Alipofua, akaanika, alipogeuka kwenda, Mama Rébecca akaanua kila kitu na kufua upya. "Col haikutakata," alisema, akionyesha kola ya shati. Msichana akajisikia vibaya akaacha. Kuhusu Kitsa kufua mwenyewe, hiyo hata haikuzungumzwa. Kwetu mwanaume akionekana uani na nguo za ndani za mke wake mkononi, mtaa mzima utasema amelishwa kitu kwenye mboga, na mwenye kulaumiwa atakuwa mke. Ndiyo maana Kitsa aliwaza mashine. Kwa hesabu yake, mashine ndicho kitu pekee ambacho Mama Rébecca hangekifuatia nyuma kurudia kazi.

Ilipatikana kwa mfanyabiashara wa Kasindi, aliyeileta kutoka Kampala. Ilikuwa imetumika, nyeupe, na mlango wa duara mbele kama dirisha la meli kwenye vitabu vya shule. Kitsa aliizunguka, akaipiga ubavuni kwa kiganja, akasikiliza. Angeweza, angeipiga teke matairi.

Ndani ya nyumba haikuwa na nafasi. Ikaamuliwa ikae chini kabisa ya bustani, nyuma ya poireaux, katika kajumba ka mbao kalikokuwa ka sungura. Sungura wenyewe waliliwa siku ya sherehe ile ya ndoa, kwa hiyo hawakupinga. Hapo nikaitwa mimi. Nilisoma umeme miaka miwili nikaacha katikati, nina nusu ya diploma, na ndiyo maana Papa Kitsa ananiita Musomi kwa sauti ile ya watu wanaosema "mheshimiwa".

"Musomi, hii courant tutaifikisha namna gani huku chini?"

"Kwa waya, Papa."

"Aksanti. Walikufundisha hiyo miaka mbili?"

Tulifanya kazi wiki nzima. Tulikwangua mavi ya sungura mpaka tukafikia ardhi, tukamwaga sementi, Kitsa akailainisha kwa ubao akiimba. Waya tuliupitisha juu ya miti miwili na tawi la mwavokado. Nilifunga disjoncteur ya pekee, swichi ya kukata umeme, ukutani, ili mashine ikigombana na courant, nyumba isiingizwe kwenye ugomvi. Maji yalitoka kwenye tanki la mvua: tulilipandisha juu ya mbao nne nene ili yashuke kwa nguvu. Ya kutoka tuliyachimbia mfereji uliopita kando ya poireaux mpaka kwenye migomba. Juu ya rafu Kitsa akapanga pasi mbili, moja ya courant na ile ya zamani ya makaa. "Ya makala ni roue de secours," alisema, yaani tairi la akiba. Mwishoni, kwenye mlango, kwa rangi nyekundu, kama alivyoandika kwenye kila lori alilowahi kuendesha, akaandika: MIKONO IPUMUZIKE.

Mashine ikashushwa na wanaume wanne juu ya miti miwili, kama chifu kwenye tipoy, kile kiti cha kubebwa mabegani. Mama Ngalula alikuwa kwenye uzio wake. Ni mtu wa Kasaï, mume wake ni agent wa Serikali aliyehamishiwa huku, na huyo mama haogopi kitu.

"Papa Kitsa," aliita, "hiyo chifu yenu inakula nini?"

"Nguo chafu, Mama. Lete zako."

"Miye ninangoja ndevu."

Niliunganisha courant, taa yake ikawaka. Nikaunganisha maji. Kisha mama yangu akaniita nyumbani, nikaondoka nikisema nitarudi saa za jioni tuijaribu pamoja.

Kitsa hakungoja. Alitaka ajue kwanza yeye mwenyewe, ndipo amwite mke wake aone. Alifunga mlango. Na kabla ya kuiwasha alifanya kile alichofanya kila asubuhi ya maisha yake barabarani: alichukua spana, ufunguo wa boulon, akaizunguka gari yake. Nyuma akakuta boulon nne kubwa. Zilikuwa zimelegea kidogo. Akazikaza, moja moja, kwa nguvu zote za mkono uliobadilisha matairi ya Mbau mpaka Eringeti.

Mashine ilijaza maji vizuri. Ilizungusha vizuri. Ilipofika kwenye kukamua, ikapata wazimu. Nilikuwa kwetu, na nilisikia. Mtaa ulisikia. Ilikuwa kama lori tupu linashuka mlima bila dereva. Mashine ilitembea kwa miguu yake yenyewe kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, ikang'oa mpira wa maji, ikagonga mbao, jiwe la zege lililo tumboni mwake kuipa uzito likapasuka, mkanda ukakatika, na pipa likapinda shingo. Kisha kimya.

Mama Rébecca alikuwa ameketi uani. Mlango ukafunguka nusu, ndevu zikatokea, zimejaa vumbi la zege.

"Papa Abigaïl, inafula?"

"Inafula."

"Inapiga makelele mingi."

"Ni nguvu yake," alisema, akafunga tena.

Kisha nikasikia jina langu limeitwa kwa sauti ndogo kupitia uzio, na Kitsa hana sauti ndogo. Nilikwenda. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo, maji yamefika kwenye viatu, na mashine imelala ubavu mbele yake.

"Papa, ulifanya nini?"

"Miye? Nilikaza boulon tu."

"Boulon gani?"

"Zile ine za nyuma. Zilikuwa zinalegea, Musomi. Dereva gani anatoka na boulon yenye kulegea?"

Tulimpigia simu mfanyabiashara wa Kasindi. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Zile boulon, alisema, ni za safari. Zinashika tumbo la mashine lisitikisike ndani ya lori. Ukifika, unazitoa zote nne, unaziweka kando, ndipo tumbo linapata kucheza lenyewe bila kuvunja mwili. "Alizikaza?" akauliza. "Yesu! Zilipashwa kutoka!" Vipande vya kutengenezea? Labda Kampala. Labda.

Kitsa akakata simu. Aliiangalia ile mashine. Miaka yote alikaza kila kitu kabla ya kuondoka, na ndiyo maana yu hai, na wengine wa rika lake hawako. Sasa hakuna mtu aliyemwambia kwamba safari ilikwisha.

"Tumwambie Mama," nilisema. "Watu watacheka siku mbili, basi."

"Kucheka ni kitu gani? Hapana kucheka njo ninaogopa." Alishika ndevu zake akazivuta chini. "Unamujua weye? Anangoja tu machine ife, apate kukamata beseni yake. Nikimwambia leo, kesho mikono iko mu sabuni, kesho kutwa damu inatoka, na ile kazi wanamupa ule mutoto ya juzi. Atakufa, Musomi. Hapana kufa ya kuzikwa. Ile ingine."

Ndani ya pipa lililopinda kulikuwa na mashati ya Jordy na Keren, yamelowa, nusu safi. Kitsa aliyatoa moja moja. Akatazama mlango kama umefungwa. Kisha akakunja mikono ya shati.

"Nipatie ile beseni," alisema.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila siku ya kufua, Kitsa aliingia kwenye kajumba na rundo la nguo, akajifungia. Sheria ilitangazwa kwa familia yote: machine haipendi mtu aingie wakati inafanya kazi, inasahau programme. Na kwa kuwa mota ilikuwa bado nzima ingawa pipa halikuzunguka, aliniomba niifunge kwa waya wake peke yake, iwe inanguruma. Kwa hiyo mota ilinguruma bure, na nyuma yake mzee akasugua.

Mwanzoni alifua kama alivyokuwa anasugua turubai la lori. Col ya shati la Jordy ikachanika.

"Machine yako inakula col," Mama Rébecca alisema.

"Iko inazoea."

Soksi nyekundu ya Keren ikapita pamoja na mashati meupe, na kwa wiki moja Jordy alikwenda shule akiwa rangi ya waridi kama mama wa kwaya. Kitsa akajifunza kutenga rangi. Akajifunza kusugua kola kwa kidole gumba, si kwa brashi. Akajifunza kwamba nguo nyeupe inataka bleu kidogo, ile buluu ya kung'arisha, kwenye maji ya mwisho, na kwamba "kidogo" si kifuniko kizima. Hayo yote alijifunza peke yake, nyuma ya mlango, kwa sababu kwa uzee wake angemuuliza nani? Alipojisahau, alianza kuimba nyimbo za kanisa, besi nzito, na Mama Ngalula akasema kupitia uzio:

"Mama Rébecca, kwetu machine inafula na inanyamaza. Yenu iko inaimba cantique?"

"Ni bwana yangu. Anaisindikiza."

"Eee. Na machine yenyewe ni ya kanisa gani?"

Mama Rébecca aliangalia mikono yake. Mistari ilikuwa inaanza kufunga.

Nyumbani kwao kabla ya kula wanashikana mikono, wanaomba. Siku moja nilialikwa, nikakaa kati ya watoto, ng'ambo ya wazee wawili. Kitsa aliomba sala ndefu. Alipofika kwenye "na utulinde sisi wote," nikaona Mama Rébecca amefungua macho. Alikuwa anaangalia mkono wa mume wake ndani ya wake. Gumba lake likapita taratibu juu ya kiganja kile, likasimama kwenye mpasuko, likaendelea, likakuta mwingine. Kisha akafunga macho na kusema amina kwa sauti kuliko sisi wote.

Kesho yake, kopo la mafuta alilopewa kituoni kwa ajili ya mikono yake lilikuwa kwenye dirisha la kajumba.

"Iko inabaki bure," alimwambia mume wake. "Miye nimeanza kupona. Kama unaona haina kazi, pakaa ku poireaux."

Kitsa aliniambia baadaye, kwa furaha ya mtu aliyevuka salama kizuizi cha barabarani: "Hakujua kitu!" Na alikuwa amepaka mafuta mpaka kwenye viwiko.

Siku ikafika mganga mkuu akamwita Mama Rébecca, akaigeuza tena ile mikono, akaibonyeza, akasema: "Karibu mu kazi." Nilikuwa uani kwao aliporudi siku ile ya kwanza. Alisimama tu mlangoni na mkoba wake.

"Papa Abigaïl, leo nilipokea mutoto mwanamuke. Nilimupangusa mugongo." Akafungua kiganja chake. "Hakulia. Alipiga mwayo."

Kitsa aligeuka upande mwingine, akasema anakwenda kufunga kajumba. Kalikuwa kamefungwa.

Kwa hesabu ya kawaida, habari ingeishia hapo: mikono imepona, kazi imerudi, ndevu zimebaki. Lakini courant ya Butembo ina desturi zake.

Asubuhi moja ya ukungu, mtaa mzima ulikuwa giza tangu alfajiri. Mama Rébecca alikuwa kazini, kwa hiyo Kitsa alifua bila wasiwasi, kimya. Mimi nilikuwa juu ya mwavokado wao nikitazama ule waya wangu, uliokuwa umelegea kwa upepo. Hapo nikasikia mlango wa nje. Mama Rébecca alirudi mapema. Kitsa naye alisikia. Kusugua kukakoma. Kisha kutoka kwenye kajumba ikaanza:

"Vuuuuum. Vuuuuuum."

Ilikuwa mdomo. Nilishika tawi kwa mikono yote miwili. Sauti ilipanda, ikapanda, ikafika mahali ikakatika kidogo, "gra-ka", ikaanza tena chini. Alibadilisha vitesse, yaani gia. Mashine ya kufulia ilikuwa inapanda mlima na mzigo! Ilifika juu, ikapumua, ikashuka polepole, na alipofika chini akatoa upepo wa breki: "Psssss."

Mama Rébecca alikuwa amesimama katikati ya poireaux, mkoba mkononi, kitambaa cha kichwa kimebonyezwa mdomoni, mabega yanatikisika. Aliinua macho akaniona juu ya mti. Akaweka kidole kwenye midomo. Akakaribia mlango.

"Papa Abigaïl."

"Vuuuuum."

"Papa Abigaïl. Courant iko wapi?"

Vuuum ikakatika, ikatoka sauti ndogo:

"Iko inakuya."

"Fungua."

Alifungua. Mikono ya shati imekunjwa, suruali imelowa magotini, povu limeshika kwenye ndevu, na nyuma yake beseni mbili na mashine imefunikwa turubai kama maiti. Alijaribu kusimama mbele yake aizibe. Mashine ni pana kuliko yeye.

"Rebe," alisema, "ilikufa siku ya kwanza."

"Ninajua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu juma ya kwanza. Machine gani inatoa bic ya kuandika mu mufuko ya Jordy mbele ya kufula? Machine gani inanuka sabuni ya kipande?" Sauti yake ikapungua. "Na machine gani inaanika nguo yangu ya ndani chini ya fulari ya kichwa, juu batu basiione?"

Kitsa aliangalia chini.

"Na hukusema kitu."

"Mikono ilikuwa inapona. Halafu..." Aliweka mkoba chini, juu ya sementi. "Tangu niko mutoto, miye njo ninafulia batu. Dada zangu, batoto yetu, bajukuu. Hakuna mutu aliyenifulia hata fulari. Nilikuwa ninapita hapa inje, ninakusikia unasugua. Nilipenda kusikia. Niliwaza, nikisema, ataacha."

Hapo ningeshuka mtini nikaenda zangu, lakini ningepita wapi? Nilibaki, nikaangalia waya.

Mama Rébecca akavuta kigoda, akakaa, akakunja mikono ya blauzi.

"Hapana!" Kitsa alisema. "Mikono yako!"

"Yangu imefunga. Yako njo imefunguka. Leta hapa niione." Aliishika, akaigeuza kama mganga mkuu alivyogeuza yake, akatikisa kichwa. "Tutagawanya. Weye unasugua, miye ninasuza mu maji safi. Na gants za mikono nitaleta za kituo, za kwako na za kwangu. Kaa."

Akakaa. Akampa shati la kwanza, mke wake akalipokea, na bila shaka shati linalotoka kwenye sabuni haliji kavu. Povu likashuka mpaka kwenye viwiko vya Mama Rébecca. Walikuwa hivyo, magoti yao yanakaribiana, mlango wazi, aliposimama Mama Ngalula na kisu cha kukatia poireaux alizokuja kuomba.

"Ayeee!" Kisu kikaanguka. "Mikono mu povu! Batu ya Mungu, mikono mu povu!"

"Ni maji ya kusuza!" Kitsa alipiga kelele. "Miye nilisema sabuni! Hapa hakuna sabuni!"

"Papa Kitsa, ulisema 'mu povu'. Miye nilikuwa benchi ya mbele, njo maana ninalipa dîme, ile fungu ya kumi."

"Musomi!" aliita kuelekea mtini, kumbe alijua nipo. "Weye musomi, sema! Povu na sabuni ni kitu moja?"

"Papa," nilisema, "hiyo ni somo ya mwaka wa tatu. Miye nilifika wa pili."

Akamgeukia mke wake, macho ya mtu aliyekwama kwenye matope akimtazama aliye na kamba. Mama Rébecca aliinua mikono yake miwili juu, povu likiteleza polepole kwenye ngozi nzima, isiyo na mstari hata mmoja.

"Iko povu," alisema. "Na ile kidevu, niliiona mara ya mwisho Abigaïl hajazaliwa. Muinyoe."

Habari ilifika sokoni kabla ya nguo kukauka. Wanaume wawili watatu walipita kwenye uzio wakauliza kama Papa Kitsa anapokea na nguo zao. Akawajibu kwamba atapokea, lakini walete na wake zao washuhudie jinsi mume anavyofua. Hawakurudi. Tangu siku ile mlango wa kajumba haufungwi. Jumamosi unawaona wawili mle, na gants za plastiki, wakigombana juu ya bleu. Mashine ilisimamishwa wima, ikatandikwa blanketi, ndiyo meza ya kupigia pasi. Na boulon nne zimening'inia kwenye msumari ukutani, hatimaye zimetolewa.

Jumapili baada ya ibada, Syauswa kinyozi aliweka kiti mlangoni mwa kanisa. Mama Ngalula alileta wembe kama alivyoahidi, Syauswa akaukataa kwa dharau ya kitaalamu. Ndevu zikaanguka kwa mafungu, nyeupe na nyeusi. Chini yake kulikuwa na kidevu kidogo, cha kitoto, kina shimo katikati, ambacho mtaa mzima haukukitarajia. Keren alitazama, akauliza kwa sauti ya kulia: "Sokulu yangu iko wapi?" Jordy akamwambia babu ni huyu, amekamuliwa.

Kitsa alibaki kwenye kiti, hajui aweke wapi mikono ambayo miaka yote ilikuwa na ndevu za kushika. Mama Rébecca akaja mbele, kanisa zima linaangalia, akaweka kiganja chake kwenye shavu lile jipya na kukipitisha taratibu mpaka kidevuni.

Kitsa alifunga macho.

"Mukono yako haikwaruzi," alisema.

Syauswa alikung'uta kitambaa. Kunyoa ndevu, akamkumbusha Kitsa, ni franka elfu mbili.